Baridi Iliyo Dawa na Baridi Iliyo Sumu

Wazee wetu husema, "Mchelea mwana kulia hulia yeye." Mithali hii twaitumia kuwaonya wazazi wasiotaka kuwarudi watoto wao. Lakini mimi nimejifunza kwamba yaweza kusemwa pia mahali pengine, yaani chumbani mwa uzazi. Humo kila mtu hungoja kilio cha mtoto, na kilio kisipokuja, ndipo watu wazima wanapoanza kulia.

Leo nataka kuandika habari za watoto wawili waliozaliwa bila kulia. Mmoja alizaliwa mjini London, na mmoja katika kijiji chetu hapa milimani Usambara. Wa kwanza alitiwa baridi na waganga, akapona. Wa pili alitiwa baridi kwa sababu ya maneno yangu mimi, na habari yake ndiyo inayonishikisha kalamu. Sitajitetea. Nataka tu mwenzangu aliye mwalimu, na kila mtu ambaye maneno yake husikilizwa kijijini, ajue neno lililonipata.

Binti ya ndugu yangu, ambaye kwa desturi zetu ni binti yangu, aliolewa akaenda kukaa Uingereza pamoja na mumewe. Mwaka 2017 alishikwa na uchungu, mimba imetimiza miezi yake. Uchungu ulikuwa mrefu, na mwisho moyo wa mtoto ukaanza kupiga polepole. Waganga wakampasua mama upesi, wakamtoa mtoto, naye hana rangi wala pumzi, viungo vyake vimelegea kama nguo iliyolowa. Wakampulizia hewa kwa mfuko, hata baada ya dakika kadhaa akaanza kuvuta pumzi mwenyewe. Walakini hakufumbua macho, hakunyonya, na baada ya saa chache mkono wake mmoja ulianza kutikisika kwa degedege.

Siku ya pili binti yangu alinipigia simu. "Baba Mkubwa," akasema, "wamemvua mwanangu nguo, wamemlaza juu ya godoro linalopitisha maji ya baridi ndani yake. Nimemgusa mguu, ni baridi kama wa maiti. Wanasema nisimpakate kwa siku tatu. Je, watu hawa wanamponya au wananiulia mtoto?"

Sikuwa na jibu. Tangu utoto wangu nalijua jambo moja tu juu ya mtoto mchanga, kwamba baridi ni adui yake. Nikamwambia awatii waganga, nami nikaenda nje, nikakaa juu ya jiwe hata usiku.

Siku ya nne wakaanza kumpasha mtoto joto, kidogo kidogo, kwa muda wa saa nyingi. Siku ya tano akafumbua macho. Siku ya tisa akanyonya. Leo ni kijana mdogo akimbiaye na kusoma, na binti yangu huniletea picha zake.

Basi nalitaka sana kujua maana ya jambo lile. Nikamwuliza binti yangu maswali mengi, naye akawauliza waganga, na baadaye nikajisomea mwenyewe kadiri nilivyoweza. Nitaeleza kwa maneno yetu.

Ubongo wa mtoto hulishwa na damu yenye oksijeni, yaani ile sehemu ya hewa iliyo uhai wetu. Mtoto akiwa bado tumboni, hewa hiyo humfikia kwa njia ya kitovu. Kitovu kikibanwa, au kondo la nyuma likibanduka kabla ya wakati, au uchungu ukizidi mno, ubongo hukosa hewa, na sehemu zake nyingine hufa hapo hapo. Lakini ajabu ni kwamba si zote zinazokufa saa ile. Pumzi ikirudi, ubongo huonekana kama umepona. Kisha, baada ya saa sita hivi na kuendelea, hata siku ya pili na ya tatu, huja kufa kwa pili, na mara nyingi kufa huku ni kukubwa kuliko kule kwa kwanza. Jambo hili lilionekana wazi katika miaka ya 1980 mjini London, katika hospitali ya University College, ambako waganga walitumia mtambo wenye nguvu za sumaku kutazama hali ya ubongo wa watoto wachanga bila kuwapasua.

Kila mtu aliyeona paa la nyasi likishika moto ataelewa. Watu hukimbilia na maji, miali huzimika, wote hushukuru na kwenda kulala. Lakini ndani ya nyasi mmebaki kaa, nalo hula polepole, hata usiku wa manane nyumba yote huteketea. Baridi ya waganga ni kama mtu anayekesha juu ya paa lile. Hupunguza kazi ya ubongo, ili ule moto wa ndani usipate chakula. Ndiyo maana haina budi kuanza kabla ya saa sita tangu kuzaliwa. Mtoto hushushwa kutoka joto la kawaida, digrii 37, hata digrii 33 na nusu, wala si chini zaidi. Hukaa hivyo saa 72 kamili. Kisha hupashwa joto kwa kiasi cha nusu digrii tu kwa saa moja, kwa maana kupanda ghafula nako kwaweza kumdhuru.

Wazo hili si jipya. Katika miaka ya 1950 mganga wa Sweden, jina lake Björn Westin, pamoja na wenzake, waliwatia ndani ya maji ya baridi watoto wasiovuta pumzi. Lakini mwaka 1958 mganga William Silverman na wenzake wa New York walionyesha kwamba watoto wadogo waliozaliwa kabla ya wakati hufa zaidi wakiachwa katika baridi, hata iwe baridi kidogo. Basi waganga wakaiogopa baridi, na wazo lile likalala miaka mingi. Liliamshwa katika miaka ya 1990 na watu waliojaribu kwanza kwa wanyama. Huko New Zealand Alistair Gunn na wenzake walijaribu kwa watoto wa kondoo walio bado matumboni, na Marianne Thoresen na wenzake mjini London kwa watoto wa nguruwe. Ndipo wakaja kwa watoto wa watu, kwa hadhari kubwa. Mwaka 2005 waganga wa Marekani walitangaza habari za watoto 208. Katika kila watoto 100 wasiopozwa, 62 walikufa au kubaki na ulemavu mzito au wa kadiri. Katika kila 100 waliopozwa, 44. Majaribio mengine yakafuata, na mwaka 2013 yalipokusanywa pamoja yalikuwa 11, na watoto wake 1,505. Jumla yake ni kwamba wakipozwa watoto saba, mmoja huokolewa na mauti au ulemavu mkubwa.

Naomba msomaji aishike sana hesabu hii, kwa kuwa mimi sikuishika. Ni mmoja katika saba. Hii ni dawa njema, lakini si muujiza. Wako wanaopozwa na kufa, na wako ambao wangalipona bila kupozwa. Hata mjukuu wangu wa London, hakuna ajuaye yeye ni yupi kati ya hao saba.

Sasa nieleze kosa langu. Mwanzo wa mwaka 2018 wazazi walikutana shuleni petu, na baada ya mambo ya karo na madawati nalisimama nikawasimulia habari za mtoto wa London. Nalisimulia kwa majivuno, kwa maana ni damu yangu, na kwa kuwa mwalimu hupenda kuonekana ajuaye mambo ya mbali. Nikasema, "Ninyi mnawafunika watoto kwa blanketi tatu, na wenzenu wa Ulaya wanawatia baridini, nao wanapona!" Watu wakacheka, wakastaajabu. Sikutaja mtambo wala hesabu, wala sikutaja wauguzi waliokesha siku tatu na usiku tatu. Ulimi hauna mfupa. Nalikwenda nyumbani nimefurahi.

Mwezi wa Julai mwaka uo huo, wakati ukungu unaposhuka mlimani na baridi hupenya hata ndani ya mifupa, mke wa kijana mmoja jirani yetu alishikwa na uchungu. Mvua ya manyunyu ilikuwa imeharibu njia, pikipiki haikupatikana, akabaki nyumbani mchana na usiku kucha. Alfajiri mtoto akazaliwa, asilie. Bibi yake, mama mzee aliyewapokea watoto wengi zamani, alimfuta kinywa, akampulizia, akamsugua mgongo, hata mtoto akavuta pumzi kidogo kidogo. Mpaka hapo bibi yule alifanya kazi njema, na yawezekana ndiyo iliyomwokoa. Lakini mtoto hakufumbua macho wala hakulia. Ndipo bibi akakumbuka maneno ya Mwalimu. Akalowesha kanga kwa maji ya kisima, akamfunga mtoto, akamlaza karibu na mlango ulio wazi.

Mkunga wa zahanati alifika kwa miguu baada ya saa moja na zaidi. Nami nalifika nyuma yake, kwa kuwa walikuwa wameniita. Mkunga akatia kipimo cha joto kwapani mwa mtoto, akakitazama, akakitikisa, akakitia tena. Kilikuwa chini ya digrii 32. Hakusema neno. Akaivua ile kanga, akamkausha mtoto, akamweka ngozi kwa ngozi kifuani mwa mama yake, akawafunika wote wawili kwa mablanketi, na kichwani akamvika kofia. Kisha akauliza, "Nani amewafundisha jambo hili?"

Bibi akajibu bila hila, "Ni Mwalimu huyu. Ndiyo dawa ya Ulaya."

Mkunga akanigeukia. Yeye ni mdogo kwangu kwa miaka mingi, tena nalimfundisha kusoma. Akasema kwa heshima, "Mwalimu, ulipotufundisha hesabu ulituambia jibu bila njia si jibu. Mbona leo umewapa watu jibu bila njia?" Nalitamani nchi ipasuke.

Walimpeleka mtoto hospitali ya wilaya, akiwa kifuani mwa mama njia nzima. Sukari ya damu yake ilikuwa imeshuka mno, na jioni alishikwa na degedege. Akakaa huko siku kumi na moja, akaishi.

Mganga wa hospitali alinipa nafasi ya kuuliza, nami nikauliza yote. Akanieleza kwamba mtoto aliyepoa bila kuangaliwa huteketeza sukari yote ya mwili wake ili ajipashe joto, kama mtu anayevunja kitanda chake kwa kukosa kuni. Sukari ikiisha, ubongo unaokwisha kukosa hewa hukosa na chakula. Pumzi huwa ngumu, na hata damu haigandi vema. Huko London mtoto aliye katika baridi hutazamwa kila saa: joto, moyo, pumzi, sukari, damu, na ana dawa ya degedege tayari, na mtambo wa kumvutia pumzi ukihitajiwa. "Huko baridi ni sehemu moja tu ya dawa," akasema. "Wewe umewaletea watu baridi, ukayaacha mengine yote Ulaya."

Nikamwuliza, Je, sisi huku tungeletewa mitambo hiyo, mambo yasingekuwa mamoja? Akanijibu kwamba wataalamu wamekwisha kuuliza swali hilo, na jibu si jepesi. Mwaka 2008 waganga wa Uganda na Uingereza walitangaza jaribio dogo lililofanywa hospitali ya Mulago, Kampala, ili kuona kama kazi hiyo yawezekana. Watoto walikuwa 36. 21 walipozwa kwa chupa zilizotiwa maji ya bomba, na 15 walitunzwa kwa desturi ya hospitali. Kupoza kuliwezekana. Lakini kati ya wale 21 walikufa 7, na kati ya wale 15 alikufa mmoja. Idadi ni ndogo, haitoshi kusema kwamba baridi ndiyo iliyowaua, walakini ilikuwa onyo.

Miaka mitatu baada ya mazungumzo yetu onyo hilo lilitiwa nguvu. Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya jaribio kubwa lililofanywa katika hospitali saba za India, Sri Lanka na Bangladesh, kwa watoto 408, na baadhi yao walipozwa kwa mtambo, kwa kipimo kile kile. Baridi haikupunguza mauti na ulemavu. Na kwa mauti peke yake, waliokufa kati ya waliopozwa walikuwa 42 katika kila 100, na kati ya wasiopozwa 31. Wataalamu wengine hufikiri kwamba watoto wengi wa huko hudhurika polepole, tangu kabla ya uchungu kwisha, hata wakati wa dawa hii umekwisha kupita. Neno hili bado latafutwa. Lakini mimi nalijifunza hapo kwamba dawa inayofaa mahali pamoja haina budi kujaribiwa mahali pengine kabla ya kusifiwa.

Basi, Je, mtoto asiyelia hana msaada kwetu? La, anao, wala hautoki mbali. Tanzania ilijaribu kuwafundisha wakunga na wauguzi wa hospitali nane namna ya kumsaidia mtoto katika dakika ile ya kwanza: kumkausha, kumtia joto, kumsugua mgongo, na asipovuta pumzi, kumpulizia hewa upesi kwa mfuko na kifuniko cha uso. Matokeo yalitangazwa mwaka 2013. Mauti ya watoto katika saa 24 za kwanza yalipungua karibu nusu, yaani 47 katika kila 100. Hapakuwa na godoro la maji. Palikuwa na mkono uliofundishwa na mfuko mdogo wa kupulizia. Moto uliozimwa kabla haujashika paa hauhitaji mkesha.

Nayaandika mashauri haya machache kwa wazazi, kama mkunga wetu alivyoniamuru niwaambie watu. Mama mjamzito asingoje uchungu ndipo atafute njia. Akae karibu na zahanati au hospitali siku zake zikikaribia, hasa majira ya mvua. Uchungu ukipita kiasi, asifichwe nyumbani kwa haya. Mtoto akizaliwa njiani au nyumbani, akaushwe mara moja, awekwe ngozi kwa ngozi kifuani mwa mama, afunikwe pamoja naye, kichwa kivikwe, na wapelekwe upesi kwa mkunga. Asitiwe maji ya baridi, hata kama mwalimu amesema.

Mwezi wa Septemba, wazazi walipokutana tena, naliomba nafasi ya kusema. Nikasimama mahali pale pale nilipojivuna, nikawaambia kwamba naliwapotosha, na jinsi nilivyowapotosha. Nalifikiri watacheka. Hawakucheka. Yule bibi alisimama nyuma, akasema, "Mwalimu, tumekosa wawili. Wewe hukusema yote, nami sikuuliza yote." Hata leo sijasikia neno la rehema kupita hilo.

Mtoto yule yuko shuleni kwetu sasa. Huburuta mguu wa kushoto, na maneno yake hutoka taratibu. Nalimwuliza mganga ni sehemu gani ya ulemavu huu iliyotokana na uchungu mrefu, na ni sehemu gani iliyotokana na kanga ile ya maji. Akasema kwamba uchungu ndio hasa uliomdhuru, lakini hakuna mtu awezaye kugawa mambo hayo kwa mizani. Basi nachukua fungu langu bila kulijua uzito wake. Kila siku baada ya masomo hukaa naye nusu saa, tukasoma herufi. Juma lililopita alisoma jina lake mwenyewe kwa mara ya kwanza, akapiga kelele kwa furaha, hata wenzake wakaja mlangoni kutazama. Sikumnyamazisha.

Ndugu zangu walimu, tusiache kuleta habari za elimu vijijini, kwa kuwa gizani watu hawaponi. Lakini tuzilete nzima, pamoja na kipimo chake na mipaka yake. Na mahali tusipojua, tuseme, "Hapa mwulizeni mkunga." Mwalimu hapungukiwi na heshima kwa neno hilo.